Mashine Ilisema Hana Watu

Kwetu Uvira simu haipigwi ili watu waongee. Inapigwa ili ilie, halafu inakatwa. Tunaita bipe. Haili yunite, salio la simu, hata moja, na mtu mwenye akili anasema nayo mambo yote. Mvuvi akinibipu mara moja, mtumbwi umefika, niende ufukweni. Akibipu mara mbili, ndagala, dagaa wa ziwani, ni nyingi, nije na beseni kubwa. Mteja wangu wa Kavimvira, pale mpakani, nikimbipu anajua nimetoka nyumbani na mzigo, na yeye anaanza kutafuta mtu wa kubadilisha faranga. Nimefanya biashara hivyo tangu simu zilipofika huku. Nyumba yangu ya matofali ya kuchoma niliijenga kwa bipe. Waliosoma wanacheka nikisema hivyo. Wengi wao bado wanapanga.

Simu inayolia bila kukatwa, hiyo ndiyo tunaiogopa. Mtu akikubali kula yunite zake ili akuongeleshe, ujue kuna msiba.

Nilisoma mwaka wa kwanza na kipande cha wa pili. Nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya minervali, ile pesa ya shule, na sikurudi tena. Kusoma kwingine nilijifundisha mwenyewe, kwa maandishi ya mifuko ya chumvi na vibao vya makanisa. Sioni haya. Ninasema tu ili ujue kwamba nilipobishana na mashine, nilibishana nayo hivi nilivyo.

Sisi ni kikundi cha kina mama tunaokopa pamoja. Mmoja akishindwa, wengine wanamlipia. Ndivyo shirika la mikopo lilivyotaka tangu mwanzo. Mimi ndiye prezidente. Hawakunichagua kwa upole. Walinichagua kwa sababu ninajua kugonga mlango wa mtu asubuhi na kukaa pale mpaka atoke.

Zamani ajenti wa shirika alikuwa anakuja kwetu kila juma na pikipiki. Ni binti wa hapa hapa Uvira, mama yake namfahamu sokoni. Alikuwa anageuza beseni langu juu chini, anakaa, anakunywa chai, anauliza nani kajifungua na nani kagombana na mume wake. Ulifikiri anapiga umbea. Kumbe alikuwa anafanya kazi. Siku mmoja wetu alipotaka kukopa ili kumpa hawara, ajenti alijua kabla yetu, akamwambia: "Mama, huu mukopo iko na ndevu." Tulicheka mpaka yule mama akaondoka mwenyewe bila kuomba.

Halafu biro, ofisi ya shirika, ikapata mashine. Siyo mashine ya kushika. Iko ndani ya simu. Unaomba mkopo kwa simu, mashine inaangalia namba yako, inakupa alama, pesa inakuja au haiji. Petroli ya pikipiki ikakatwa. Ajenti akakalishwa biro na tablete, akapewa vikundi vingi asivyoweza hata kuvitembelea. Hatukulia. Pesa ilikuwa inafika upesi, na ile chai yangu ilibaki.

Mpaka siku mashine ilipomkataa mama wa Runingu.

Huyu mama ni mjane, kwao ni Runingu, ndiyo sababu tunamwita hivyo. Analima mchele Kiringye, kwenye uwanda wa Ruzizi, katika shamba la kukodi. Kila msimu anakopa, anamlipa mwenye shamba na watu wa kupandikiza, anavuna, anarudisha. Hajawahi kutufanya tumtafute. Na Kiringye ina sharti lake: maji yanafunguliwa kwa zamu kwenye mfereji. Zamu yako ikifika na shamba hujalilipia, mwenye shamba analitoa kwa mwingine siku ile ile. Wewe unabaki na miche yako kwenye kitalu, inazeeka, unaigeuza majani ya mbuzi.

Alikuja kwangu ameshika simu kama mtu aliyeshika kitu kinachonuka.

"Yaya, soma weye. Minye sielewi." Yaya kwetu ni dada mkubwa, ndivyo anavyoniita.

Ilikuwa Kifaransa. Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini neno la kukataa ninalijua kwa lugha yoyote.

"Wamekataa," nikamwambia.

"Sababu gani?"

"Hawajaandika sababu. Maji yako yanafunguliwa lini?"

"Juma lijalo. Mwenye shamba amesema muntu mwingine iko na pesa mukononi."

Utaniuliza kwa nini sikumpa zangu. Mwezi ulikuwa umejaa. Mwezi ukijaa, taa za wavuvi hazina kazi, ndagala zinatawanyika, na sisi wote wa ufukweni tunakaa tunaangaliana. Pesa zangu zilikuwa ndani ya mafuta ya mawese niliyonunua kungojea bei ipande. Wenzangu walikuwa hivyo hivyo. Hapo ndipo mkopo unapoitwa mkopo.

Kesho yake nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda biro. Ajenti aliniona mlangoni akasimama.

"Karibu, mama."

"Sikukuja kukaribishwa. Kwa nini mumekataa mama wa Runingu?"

"Si mimi, mama. Sisteme ndiyo imekataa."

"Huyo Sisteme anakaa wapi? Nipeleke kwake."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, ananijua. Akafungua tablete, akatafuta, akanionyesha alama ndogo nyekundu. Akaeleza kwa sauti ya chini, kama daktari. Mashine inaangalia mtu anaongea na nani katika simu yake, anaongea kwa muda gani, ananunua yunite kiasi gani. Mtu anayeongea na wengi ana watu wa kumshika akianguka. Namba ya mama wa Runingu haiongei. Simu zake zote ni sifuri, sifuri, sifuri.

"Kwa hiyo mashine inasema nini?" nikauliza.

"Inasema hana watu, mama."

Sijui kama kwenu neno hilo lina uzito. Kwetu, mtu asiye na watu ni yule anayezikwa na manispaa.

"Anabipu!" nikasema, na biro nzima ikageuka. "Yule mama anabipu, kama minye, kama weye, kama mama yako! Ananibipu kila jioni akitoka shambani, nijue amefika. Na hiyo mashine inaita sifuri?"

"Ninajua, mama. Mama yangu ananibipu hata sasa. Ninajua kama anataka chumvi ao sukari. Lakini mashine ilitengenezwa mbali. Bipe kwake ni simu ambayo haikupokelewa."

"Basi iambie weye!"

"Nimeisha kuandika kwa wakubwa. Hawajajibu." Akainama karibu nami. "Aanze kupiga kweli. Apigiwe, aongee. Alama itapanda."

Hakunidharau. Alinipa alichokuwa nacho.

Nikakusanya kikundi nyumbani kwangu, nikawaeleza. Nikasema neno lile pia, "hana watu", mbele ya mama wa Runingu mwenyewe, maana sijazoea kuficha. Nikaliona linampiga usoni. Nikaendelea na mkutano. Tukaamua: Jumapili baada ya ibada, siku ambayo kampuni ya simu inauza dakika kwa bei ndogo, kila mmoja ampigie, naye awapigie wengine. Waongee mpaka mashine ishibe.

"Tuongee nini?" akauliza mama mmoja muuza sabuni.

"Ongea yoyote."

"Yoyote ni nini? Minye nikiwa na neno ninakwenda kwake kusema."

"Mwambie bei ya sabuni!"

"Bei ya sabuni anaijua, ananidai chenji ya juzi!"

Jumapili ile tulikaa karibu karibu, kila mmoja kwenye kivuli chake, simu masikioni, tunapiga kelele kama rezo, yaani mtandao, ni kiziwi. Muuza sabuni alisoma zaburi nzima ndani ya simu. Mwingine alimwelekeza mama wa Runingu namna ya kupika sombe, majani ya muhogo, yeye aliyezaliwa akitwanga sombe. Nilisikia anajibu kwa heshima: "Ee. Ee. Na mawese mwishoni. Aksanti, dada."

Zamu yangu ilipofika nikamkuta amechoka kuongeleshwa. Tukanyamaza. Dakika zinakwenda, nimezilipia, nikakasirika.

"Sema neno! Nimenunua hizi dakika!"

Akasema, "Yaya, kweli ile mashine ilisema minye sina watu?"

"Ilisema upuuzi."

"Mume wangu alikufa, watoto walienda Kalemie, hawarudi. Sikumwambia muntu. Ile mashine ilijuaje?"

Nilikuwa namwona kwa macho, amekaa pale kwenye ukuta wa jirani, mgongo kwangu, simu sikioni. Miaka yote ya kubipiana sikuwahi kumsikia akisema kuhusu watoto wake. Bipe ilikuwa inaniambia amefika nyumbani. Haikuwahi kuniambia anafika kwenye nyumba tupu.

"Haijui kitu," nikamwambia. "Ingejua ingeniuliza minye."

Akacheka kidogo ndani ya simu. Nikasikia kicheko mara mbili, kwenye simu na kwenye ukuta wa jirani.

Jumatatu tulingoja alama ipande. Ukaja ujumbe, kwa kila mmoja wetu. Sisi wote tumefungiwa mikopo. Siyo yeye peke yake, kikundi kizima, mimi pia. Mashine iliona namba ambazo siku zote zimekaa kimya zinapigiana ghafla siku moja, saa moja, mahali pamoja. Ikasema ni wizi.

Walikuja kwangu kabla sijamaliza kufagia.

"Prezidente, umetuua!"

"Minye nilikuwa natazamia mukopo wa kitenge kwa sikukuu!"

"Zaburi yangu imeitwa wizi," muuza sabuni akasema, na hata katika hasira yao wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mama wa Runingu alikuwa amesimama nyuma, akasema polepole kwamba ni afadhali atoke kikundini, sisi tufunguliwe.

"Weye nyamaza," nikamwambia. "Hakuna anayetoka. Tukianza kutoana, mashine itakuwa imesema kweli."

Nikaenda biro tena, bila kitenge kizuri mara hii. Sikukaa. Nikamwambia ajenti: "Chukua ile tablete, twende Kiringye. Ukaone kwa macho."

"Mama, hatuna tena petroli ya kutembea."

"Sikukuuliza petroli. Motari iko hapa nje, nimemlipa."

"Na jera wangu?" Jera ndiye mkubwa wa biro.

"Jera umwambie prezidente wa wezi amekukamata."

Alinitazama, akatazama tablete, akachukua kofia yake ya zamani ya pikipiki iliyokuwa juu ya kabati imejaa vumbi. Akaipangusa kwa mkono. Tukapanda wote wawili nyuma ya motari kwenye pikipiki yake, mimi katikati, maana mimi ndiye mzito na barabara ina mashimo. Kavimvira wabadilisha pesa waliniona wakapiga miluzi: "Mama Ndagala, unahama?" Tulipita Runingu, tukaacha mihogo, tukaingia penye mchele, na upepo ukaanza kunuka matope. Ajenti alinishika kiuno kwenye mashimo.

Mama wa Runingu tulimkuta shambani, matope mpaka magotini, anatengeneza tuta la kuzuia maji ambayo hakuwa na hakika kama ni yake. Mwenye shamba alikuwa amesimama kwenye ukingo na fimbo.

"Hawa ni nani tena?" akauliza.

"Watu wake," nikasema.

Ajenti akavua viatu. Hilo sikulitegemea. Akaingia kwenye kitalu, akainama, akang'oa mche mmoja, akatazama mizizi, akaurudisha. Akauliza majirani wa shamba la upande huu na la upande ule: huyu mama analima tangu lini, alivuna msimu uliopita, ana deni kwa nani? Jirani mmoja, baba mnene mwenye jembe begani, akasema: "Deni? Minye ndiye ninadaiwa naye. Alinisaidia kuvuna nikiwa na malaria, sijamurudishia siku yake." Akaona aibu kulisema mbele yetu, akasema atakuja siku ya maji kupandikiza bure. Mwingine akasema atakuja na mke wake. Ajenti akawa anaandika, anauliza tena, na uso wake ukawa ule wa zamani wa kwenye beseni langu.

"Maneno mazuri," mwenye shamba akasema. "Minye ninataka makuta, pesa ya mukononi. Maji ni kesho kutwa."

Ajenti akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba ndani ya tablete kuna mahali ambapo ajenti anaweza kupinga mashine. Anaandika aliyoyaona, anaweka jina lake. Hakuna tena anayepatumia. Mkopo ukianguka, prime yake inakatwa, ile pesa anayoongezewa juu ya mshahara.

"Andika," nikasema.

"Mama, minye pia niko na watoto. Ile prime ndiyo minervali yao."

Hapo nilikuwa na jibu la haraka mdomoni, nikalimeza. Minervali ninaijua. Nilimtazama yule binti na miguu yake ya matope, na nikaona anachoniomba si maneno ya kumtia moyo.

"Sikiliza," nikamwambia. "Niko na mapipa ya mawese nyumbani. Mama wa Runingu akishindwa, kikundi kinalipa. Kikundi kikishindwa, minye ninauza mawese, hata kwa bei ya hasara. Watoto wako hawarudishwi nyumbani kwa sababu yetu. Ninasema hivi mbele ya huyu mwenye shamba na majirani, wanisikie." Nikageuka, nikalisema tena kwa sauti, wakasikia. Mama wa Runingu aliacha jembe, akanitazama. Sikumtazama, kazi yangu ilikuwa kwa ajenti.

Ajenti akapanda juu ya ukingo wa mfereji kutafuta rezo, akampigia jera. Kupiga kweli, siyo kubipu. Sisi tulisikia upande mmoja tu.

"Ndiyo, jera, niko Kiringye... Kwa pikipiki... Walilipa wao... Hapana, si wizi. Walikuwa wanaongea. Ndiyo, kuongea tu... Ninaona kitalu kwa macho yangu... Ndiyo. Jina langu." Akahamisha simu sikio la pili. "Jera, mashine imetazama namba. Minye nimetazama muntu."

Akashuka. Jera amekubali, akasema, kikundi kifunguliwe na huyu mama apewe, ila ajenti awe anakuja kumtembelea shambani kila mwezi mpaka mavuno, na petroli atafutiwe. Maana kama amelianza yeye, alimalize yeye. Ajenti alilisema kama adhabu. Lakini aliosha miguu kwenye mfereji taratibu sana, kama mtu asiye na haraka ya kurudi biro.

Pesa iliingia kwenye simu kesho yake, mchana. Mama wa Runingu alimlipa mwenye shamba pale pale, na yule aliyekuwa na pesa mkononi akaenda nazo mahali pengine. Mimi nilijua hayo kwa bipe moja, maana ndivyo tulivyopatana: moja, nimelipa. Mbili, maji yameingia.

Siku ya maji nilikuwa ufukweni. Mwezi ulikuwa umeanza kupungua, na asubuhi ile mitumbwi ya kwanza ilirudi na kitu. Nilikuwa nabishana na mvuvi juu ya beseni alilolijaza nusu na kuliita zima, simu ikalia kifuani. Mara moja. Mara mbili. Nikasema moyoni, haya, maji yameingia, nikaendelea na mvuvi wangu.

Simu haikukatwa. Ikalia tena, na tena. Mvuvi mwenyewe akaweka beseni chini. "Mama, pokea," akasema. "Kuna msiba." Mikono yangu ilikuwa na magamba, ikateleza, nikapokea.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Kulikuwa na mlio tu, kama mtu anachuja kitu.

"Nani amekufa? Sema!"

"Hakuna, yaya," sauti ya mama wa Runingu. "Sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Maji. Yanaingia. Nimeweka simu karibu."

Nikasikiliza. Kweli yalikuwa maji, na nyuma yake sauti za watu, yule baba mnene anamkemea mtu asikanyage miche.

"Unakula yunite zako bule!" nikampigia kelele. "Ungebipu mbili ningeelewa!"

"Acha ziliwe," akasema. "Mashine ijue niko na muntu."

Mvuvi akaona nimekaa chini kwenye ukingo wa mtumbwi wake, simu sikioni, akalijaza lile beseni mpaka juu bila kuambiwa. Sikukata. Yeye pia hakukata. Yunite zilikwisha zenyewe.